Dakika Mbili za Bibie

Kuna mgeni anayefika kabla ya kufika. Ukisikia mluzi wake ukadhani keshaingia, yuko nje. Ukitoka kumpokea, hajawa tayari kupokewa. Pindo alikuwa na miezi minane akikitegua kitendawili hicho dirishani, mguu wake ukiwa juu ya pedali ya cherehani, na majibu yote aliyoyapata yalikuwa machungu.

Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa hapakuwa na mkono mwingine mjini uliojua kukunja pindo la suruali kama wake. Uzi ulizama nguoni usiuone hata ukivaa miwani. Na miwani ndiyo iliyomletea makubwa. Macho yalipoanza kumchoka kwa kutunga sindano, alikwenda kwa mpima macho wa barabara ya pili. Yule bwana akamkalisha, akambadilishia vioo, akamwuliza kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Hii, au hii? Ipi unaiona vizuri?" Pindo akajibu zote sawa. Wala hakuwa anatazama herufi.

Tangu hapo mtaa mzima ukamwita yule bwana Miwani, na pete ikaja kidoleni. Lakini pamoja na pete kilikuja kitu kingine: gari jekundu la mbio, la milango miwili, lenye miaka ishirini na miwili na rangi iliyopauka kama midomo ya mtu aliyesahau kupaka upya. Mwenyewe aliliita Bibie.

Jumamosi hiyo, saa tisa na nusu, Pindo akausikia mluzi wa Bibie ukipinda kona. Fyuuuu. Kisha gari likasimama mbele ya dirisha, likabaki linanguruma taratibu. Miwani hakushuka. Alikaa humo ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele, midomo ikicheza. Akatabasamu peke yake. Midomo ikacheza tena.

"Anaongea na nani?" Shangazi yake akauliza. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, akitenganisha vifungo vya mifupa na vya plastiki.

"Sijui, Shangazi."

"Simu hana mkononi. Sikioni hana kitu. Mimi macho yangu hayajapimwa na mtu, lakini hayo nayaona."

Pindo akaendelea kushona. Alikwisha kujua kwamba kukaa kule kulichukua urefu wa pindo la mguu mmoja wa suruali, kamili, kila siku. Dakika mbili. Mwanamume yuko hatua sita kutoka kwako, umejipaka manukato kwa ajili yake, naye dakika mbili anampa mwingine. Hata kama huyo mwingine ni bati na matairi.

"Mwanamume mwenye gari la milango miwili," Shangazi akasema, akitupa kifungo bakulini, "hana mpango wa watoto. Mimi mwenyewe nitaingilia wapi humo? Nikunjwe kama shati?"

Mara ngurumo ikazimika. Miwani akaingia, mrefu, shati limenyooka, macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Pindo kama uzi unaojua tundu lake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja tuongee tarehe ya harusi, au umekuja kupoza injini?"

Miwani akacheka kidogo, akamgeukia mchumba wake. "Kitendawili!"

Kila alipokuja alikuja na kitendawili kipya, na hapo ndipo Pindo alipokuwa akiyeyuka. Leo hakuyeyuka. "Tega huko ulikotoka," alisema.

Kabla Miwani hajafumbua mdomo, simu yake ikalia. Akaitazama, akageuka kidogo kuelekea mlangoni. Mtu anayegeuka kidogo huonekana zaidi kuliko anayegeuka kabisa.

"Ndiyo, Fundi... Asubuhi kaamka vizuri, lakini kanitolea moshi wa bluu... Eh, amekohoa njia nzima... Hapana, sijamwambia bado." Akashusha sauti. "Sijamwambia. Nakuja sasa hivi."

Pindo akaondoa mguu kwenye pedali. "Hujamwambia nani?"

"Ni Fundi tu, mpenzi. Nipe saa moja. Shangazi, nawaomba radhi, saa moja tu, nikirudi tutakaa tumalize yote."

"Miwani, leo ndiyo siku uliyoichagua wewe mwenyewe."

"Najua. Ndiyo maana naenda." Akambusu paji la uso, akatoka. Mluzi ukapanda, ukapinda kona, ukapotea.

Shangazi akakamilisha fungu lake la vifungo ndipo akasema, "Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki. Sasa sijui anayekohoa pale ni gari au ni mtu."

Pindo akalitoa kwenye ndoano koti la Miwani, alilolileta wiki iliyopita kwa ajili ya bitana iliyochanika. Akaligeuza ndani nje. Kwenye mfuko wa kifuani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuwa mtu wa kupekua mifuko. Lakini fundi hawezi kushona mfuko wenye kitu ndani, sivyo?

Mwandiko ulikuwa wa duara, safi:

*Asubuhi usimkimbize, mwache apate joto kwanza. Mnyweshe kizuri, si cha kupimiwa kwenye dumu. Akirudi amechoka usimzime ghafla, mpe dakika mbili apumue. Jumamosi saa kumi usikose. Nitakuwa peke yangu. Fundi wako.*

Chini ya hapo palikuwa na ua. Ua dogo, la petali tano, limechorwa kwa kalamu hiyohiyo.

Pindo akaisoma mara tatu. Alijua inaongelea gari. Hakuwa mjinga. Lakini lile ua liliongelea nini?

"Shangazi," aliuliza polepole, "umewahi kumwona huyo Fundi?"

"Nimwonee wapi? Wewe mwenyewe husemi kila siku Fundi kasema, Fundi kataka, Fundi kamwandalia chai?"

"Nasema. Ila..." Na hapo ndipo jambo lilipomjia. Miezi minane ya Fundi huyu na Fundi yule, na lugha yetu hii nzuri haikuwahi kumwambia kama Fundi anavaa suruali au gauni. Fundi ni fundi. Hata yeye Pindo ni fundi. "Shangazi, fundi mwanamume anachora ua?"

Shangazi akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akairudisha.

"Chukua koti lake umpelekee," alisema. "Baridi inaweza kumpiga."

Jua lilikuwa linachoma.

*

Gereji ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, uwanja wa saruji wenye madoa meusi na paa la mabati. Bibie alikuwa amesimama katikati, boneti wazi, kama mgonjwa aliyeambiwa aseme aaa. Miwani hakuwepo. Chini ya gari palichomoza buti mbili na miguu ya ovaroli la bluu.

Pindo alitazama kwa jicho la kazi yake. Miguu ile ilikuwa mirefu, na pindo la kushoto limefumuka.

"Hodi," alisema.

Buti zikasukuma, kibao cha magurudumu kikateleza, na Fundi akatoka mzimamzima. Alikuwa mwanamke wa umri wake, kalamu imechomekwa nyweleni, doa la oili shavuni, na chini ya doa kishimo kilichoingia ndani alipotabasamu. Pindo akampima bila futi. Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na saba. Akaumia inchi kwa inchi.

"Karibu, dada. Umekuja na gari?"

"Nimekuja na koti."

Fundi akalitazama koti, akaitazama pete, akainuka taratibu akijifuta mikono kwa kitambaa. "Wewe ndiye Pindo."

"Kumbe nasemwa."

"Unasemwa mpaka injini inapoa." Akamvutia kigoda. "Keti. Amekwenda duka la spea kutafuta mpira wa hewa. Huu umepasuka." Akainua bomba jeusi lenye ufa. "Ndio uliokuwa unapiga mluzi kupita kiasi. Kupiga anapiga tangu ujana wake, ila siku hizi hata majirani wanalalamika."

Pindo hakuketi. "Karatasi yako nimeiona. Imechorwa vizuri."

Fundi akakunja kitambaa. Mtu mwenye hila angeuliza karatasi gani. Yeye akasema, "Ua nimelichora mimi. Hilo siwezi kumsingizia jirani."

"Na 'nitakuwa peke yangu'?"

"Jumamosi wenzangu hufunga saa saba. Kazi yenyewe haihitaji kelele." Akafunga boneti nusu, akaifungua tena, mikono ikitafuta shughuli. "Dada, nikwambie ukweli au nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Hapa kwako mafuta ni mengi. Nipe ukweli."

"Nilimtaka. Mwaka mzima kabla yako. Nikimkagulia plagi, nikimwandalia chai, nikimchorea maua kwenye kila karatasi. Hakuliona hata moja. Mpima macho gani yule?" Akacheka, kicheko chenye kutu kidogo pembeni. "Siku moja akaja hapa kaniambia, Fundi, nimempata mtu asiyejua herufi. Nikajua nimeshakwisha. Ua la mwisho nililichora kwa mazoea tu, kama mtu anavyoendelea kufuta kioo cha gari lililouzwa."

Pindo alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa ukweli hakuwa na silaha. Akaketi.

"Na huyu?" Akaelekeza kidevu kwa gari. "Ana nini huyu ambacho sina?"

"Magonjwa," Fundi akasema papo hapo. "Njoo uone. Pampu ya maji inavuja. Klachi imekwisha. Sili za tabo, zile za kuzuia oili, zimechoka, oili inapita, ndio huo moshi wa bluu wa asubuhi. Mafuta anataka ya daraja la juu, oili anataka ile ghali tena mapema kuliko magari mengine, spea mpaka ziagizwe, na bima wakisikia tu jina la gari wanakohoa kabla yake. Kumnunua ilikuwa rahisi. Kumweka ndiko kazi."

"Sasa kinachompendeza mtu ni nini?"

"Hiki." Fundi akaweka kidole kwenye chuma cha duara, kama konokono. "Tabo. Ni feni ya pande mbili. Moshi wa injini ukitoka unazungusha upande huu, na upande wa pili unaisukumia injini hewa. Hewa ikizidi, moto unazidi. Moto ukizidi, moshi unazidi. Moshi ukizidi, feni inazunguka zaidi. Anajichochea kwa moshi wake mwenyewe, unanielewa? Ndipo anaruka kama kaumwa na nyuki."

"Na nani anamzuia?"

"Kuna kijilango kidogo hapa pembeni. Kinafunguka, moshi unapata pa kupitia. Kikikwama kimefungwa, injini inajiua kwa nguvu zake. Na ukimzima ghafla akiwa amewaka, oili inaungulia ndani. Ndiyo maana nikamwambia ampe dakika mbili."

Pindo akakitazama kile chuma kwa muda mrefu. Kifua chake mwenyewe kilikuwa cha moto, na hakuna kijilango kilichokuwa wazi.

"Dakika mbili hizo huwa anaongea na nani?"

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi sijawahi kukaa kiti cha pembeni."

Miwani akatokea getini na mpira mpya mkononi. Alipomwona Pindo, na koti, na uso wa Pindo, akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Mpenzi..."

"Hukuniambia Fundi ni mwanamke."

"Hukuniuliza! Fundi ni fundi."

"Miezi minane, Miwani!"

"Hata wewe ni fundi! Nikiwaambia watu naenda kwa fundi wangu wa nguo, kuna anayeniuliza kama una ndevu?"

Fundi akageuka upesi kuficha kicheko, akaanza kukaza mpira mpya kwa bisibisi. Pindo hakucheka. Akaivua pete, akaikunjia kiganjani.

"Na kitu gani hujaniambia? Nilikusikia. 'Sijamwambia bado.'"

Miwani akautazama mkono ule uliofungwa. Sauti yake ikapungua. "Kwamba namwuza. Fundi alikuwa amkague leo, amnunue yeye. Nilitaka nirudi kwa Shangazi kwa miguu. Nimwambie, Shangazi, yule mwenzake Pindo ameondoka."

Upepo ukatikisa bati la paa.

"Simnunui," Fundi akasema ndani ya boneti. "Nimeshamkagua, na nimemkagua mwenye gari pia. Sitaki kukaa na gari ambalo mtu atakuwa anapita kulichungulia getini. Nyumbani kwangu msiba wa mtu siuhifadhi." Akashusha boneti, ikafunga kwa kishindo. "Haya, mpeleke nyumbani dada wa watu. Mpira umekaa. Taratibu, na usimkimbize."

Pindo aliingia kiti cha pembeni kwa mara ya kwanza bila kupangusa kiti kwa leso. Lakini kabla ya kufunga mlango akamwita yule fundi mwenzake.

"Fundi. Pindo la mguu wako wa kushoto limefumuka, utakuja kujikwaa. Lete hilo ovaroli nilishone."

"Nilete lini?"

"Jumatatu. Huyu atakuwa kazini."

Kishimo cha shavu kikatokea. "Nimekuelewa, fundi."

*

Njiani mluzi ulikuwa umetulia, umebaki mwembamba kama wa mtu anayejiimbia akipika. Mtaa mmoja, wa pili, kisha dirisha lake mwenyewe, na nyuma ya dirisha uso wa Shangazi umebandikwa kwenye kioo.

Gari likasimama. Pindo akashika kitasa.

"Nakuomba," Miwani akasema. "Dakika mbili. Ukitaka kunirudishia pete, nirudishie zikiisha. Tusizime ghafla."

Mkono wa Pindo ukabaki kitasani, lakini haukuvuta. Injini ikanguruma polepole chini ya miguu yao. Miwani akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele, na kwa mazoea ya miezi minane, bila mwenyewe kujua, midomo ikaanza kucheza.

Pindo akainamisha sikio.

"...anakula... hapana. Moshi wake ndio chakula chake... akishiba... akishiba..."

"Unafanya nini?"

Miwani akashtuka, akaona haya kama mwanafunzi aliyekamatwa na jibu kiganjani. "Natunga. Siwezi kuingia kwako mikono mitupu. Kila siku natunga kimoja hapa, kabla sijashuka. Nikikuona nikiwa sijakikamilisha, nakisahau."

Vyote vile. Kile cha kifungo, kile cha mvua, kile cha mtu mwenye jicho moja la chuma asiyeona ila anavalisha dunia nzima, alichokitegua yeye mwenyewe, "Sindano!", akapigiwa makofi. Miezi minane alikuwa akizionea wivu dakika zake mwenyewe.

Pindo akaachia kitasa. "Tega, basi."

"Hakijaiva."

"Tega hivyohivyo."

"Kitendawili."

"Tega."

"Moshi wake ndio chakula chake. Akishiba, anawaka zaidi."

Alikuwa anasubiri neno moja, Pindo aliliona likimcheza midomoni. Lakini hakumpa hilo.

"Wivu," alisema.

Miwani akamgeukia.

"Mimi... mimi nilikuwa na tabo."

"Najua ulikuwa na nini. Na mimi nakwambia nilichonacho." Machozi yakamshuka, akayaacha. "Miwani, usiliuze. Nisikilize nimalize. Ukimuuza huyu atageuka mzimu. Kila mvua ikinyesha utajiuliza analala wapi, kila mluzi ukipita utatoka dirishani. Sitaki mke mwenza wa kukumbukwa. Nataka aliye hai, nimwone kwa macho yangu akikohoa moshi wa bluu. Azeeke, achoke, afe kifo chake, na nisihukumiwe mimi. Ila nina sharti."

"Lolote."

"Usimseme kama mtu. Ati ameamka, ati amechoka, ati kanitolea moshi. Mimi ndiye wa *ame*. Hilo ni gari. *Limeamka. Limechoka. Limenitolea moshi.*"

Miwani akacheka mpaka paji likagusa usukani, kisha akauchukua ule mkono uliofungwa, akaufungua kidole kimoja kimoja, na pete ikarudi ilikotoka. Wakatazamana karibu kabisa, bila kioo chochote katikati, na safari hii hapakuwa na cha kuuliza, hii au hii.

Shangazi akagonga dirisha kwa pete ya kidole chake. "Nyie! Sasa mnaongea wote wawili na nani humo?"

Miwani akashika ufunguo. "Nimzime?"

Pindo akamtazama.

"Nilizime?"

"Lizime, mume wangu," alisema. "Limepoa."